Bibi wa dagaa na neno "uzee": uchambuzi wa kisa kimoja cha mwaloni

Aliletwa saa mbili kasorobo asubuhi akiwa katikati ya bodaboda, dereva mbele, binti yake nyuma amemkumbatia asidondoke. Kituo chetu kiko upande wa Ilemela, Mwanza, mwendo mfupi kutoka mwaloni, pale mitumbwi ya uvuvi inapotia nanga, na asubuhi ile upepo wa ziwa ulikuwa unaleta harufu ya dagaa mpaka kwenye meza ya kuandikisha. Nilimwamkia kwa Kisukuma, "Mwangaluka mayu." Tunafahamiana. Kwa kawaida hunijibu kabla sijamaliza, kisha ananiuliza habari za mke wangu na kwa nini nimekonda. Siku hiyo alinitazama tu. Baada ya kimya kirefu akaniuliza kama mitumbwi imerudi, akaniita kwa jina la kaka yake. Binti akaninong'oneza kwamba huyo mjomba alizama na meli ya MV Bukoba, mwaka 1996.

Watu wa hapa huniita daktari, ingawa mimi ni tabibu, ngazi iliyo chini ya daktari. Kisa nimekiandika kwa ridhaa ya bibi na binti yake, na nimebadilisha vitu vidogo vidogo asije akatambulika. Sababu ya kukiandika ni neno moja lililokuwa kwenye daftari lake la matibabu, lenye mwandiko wangu, la wiki saba nyuma. Neno hilo ni "uzee", na nusura lituulie mtu.

Binti alieleza hivi. Siku nne zilizopita mama yake alianza kulalamika kichwa na kichefuchefu, akawa anapepesuka. Ikaja kuongea peke yake jua likizama. Usiku akawa anatoka nje kutafuta ndoo zake, akiambiwa arudi kulala anakuwa mkali. Asubuhi anapata nafuu, hata anakumbuka kuuliza kama kuku wamefunguliwa. Ikifika jioni anapotea tena. Alfajiri ya jana yake alianguka njiani kwenda chooni, akachubuka goti na paji la uso. "Daktari, uzee umemwingia ghafla," akamaliza.

Neno "ghafla" ndilo lililonistua. Uzee hauna haraka hiyo. Unakuja kama ziwa linavyokula ufukwe, leo jiwe moja, mwakani jiwe jingine, na mwenye nyumba hashtuki mpaka siku moja anakuta maji karibu na ukuta. Mtu aliyekuwa anauza dagaa na kurudisha chenji bila kikokotoo Jumatatu, Alhamisi hajui yuko wapi, huyo hajazeeka kati ya Jumatatu na Alhamisi. Kuna kitu kimemvamia.

Nyumbani kulikuwa na maelezo mengine, na binti aliyataja kwa sauti ya chini, mlango ukiwa umefungwa. Jirani mmoja alishamwona bibi usiku, kasimama peke yake kati ya chanja za dagaa, anazungumza na mtu asiyeonekana. Macho mekundu. Msomaji asiyetoka huku anaweza kuona ni umbea tu. Sisi wa Usukumani tunajua umbea wa namna hiyo umepeleka wapi vikongwe wengi. Macho yao yalikuwa mekundu kwa moshi wa kuni, mabua ya pamba na samadi, wakapikia familia miaka hamsini, kisha wekundu uleule ukageuzwa ushahidi wa uchawi. Kwa hiyo swali la kipi ni uzee, kipi ni ugonjwa, huku kwetu si la darasani.

Nianze na umri, maana nitauhitaji mbele. Kitambulisho chake kinasema alizaliwa tarehe 1 Januari 1955, siku ambayo, ukiviamini vitambulisho, nusu ya wazee wa kanda hii walizaliwa. Mwenyewe ana hesabu yake: mvua za Uhuru zilipopandisha ziwa likaingia kwenye shamba la muhogo la baba yake, alikuwa tayari anambeba mdogo wake mgongoni huku ndoo iko kichwani. Ziwa Victoria lilipanda zaidi ya mita 2 kati ya 1961 na 1964. Msichana wa kubeba mtoto na ndoo kwa pamoja hapungui miaka 11. Nikaandika 75.

Sasa kosa langu. Wiki saba kabla bibi alikuja kwa miguu yake na shida tatu: magoti yanauma, usiku anaamka mara tatu kukojoa, na akisimama haraka anaona giza. Nikampima presha akiwa amekaa, 168 kwa 82. Nikaandika: "Presha. Mengine ni uzee." Nikampa haidroklorothiazaidi miligramu 25, kidonge ambacho watu wanakijua kama dawa ya kukojoa, nikamwambia apunguze chumvi, anywe maji mengi, arudi baada ya mwezi. Sikumpima presha akiwa amesimama, ingawa mtu aliyeniambia anaona giza akisimama alikuwa amenipa jibu mkononi. Sikupima chumvi za damu. Nilimwona kwa muda wa kunywa nusu kikombe cha chai.

Baada ya hapo bibi akatii kuliko nilivyotarajia. Chumvi hakupunguza, aliacha kabisa. Akaacha na dagaa, na kayabo ndiyo hakutaka hata kuisikia, kwa kuwa samaki wa kukaushwa, alisema, chumvi haikwepeki. Fikiria mwanamke aliyekula dagaa maisha yake yote, anakaa chanjani anawageuza juani, jioni anakula uji mweupe. Asubuhi uji, mchana michembe, vile viazi vitamu vikavu, jioni chai. Na maji: alitenga dumu la lita 3, akawa analimaliza kila siku kama dozi.

Nikamwomba binti arudi nyumbani alete kila kitu mama yake anachokimeza, hata cha mitishamba. Akarudi na mfuko wa plastiki. Ndani yake mlikuwa na kidonge changu. Diklofenaki za magoti, mjukuu alizinunua duka la dawa bila cheti, na alikuwa anameza mbili kwa siku kwa wiki tatu. Na vile vidonge vidogo vya njano vya mafua, alivyoelekezwa na mtu dukani kwamba vitamsaidia kupata usingizi. Mitishamba haikuwamo. Binti alisema hilo kwa fahari kidogo, na sikuwa na moyo wa kumwambia kwamba wiki ile mizizi ya mwarobaini ingekuwa na afadhali.

Kitandani hakuwa na homa, 36.4. Hilo halikunituliza, kwa sababu mwili wa mzee unaweza kuwa na maambukizi makali bila kupandisha joto. Askari wa kinga ni wale wale ila tarumbeta imepungua sauti. Kipimo cha malaria hakikuonyesha kitu. Sukari 6.1. Mkojo safi. Mikono na miguu ilikuwa na nguvu sawa pande zote, uso haukupinda, kwa hiyo kiharusi kikasogea nyuma kwenye orodha. Presha akiwa amelala 142 kwa 78. Tukamsimamisha, baada ya dakika moja 114 kwa 70, naye akaishika meza kwa mikono miwili. Kushuka kwa 20 tu juu, ndani ya dakika tatu za kusimama, kunatosha kuitwa tatizo. Yeye alishuka 28.

Kipimo cha mwisho hakina mashine. Nilimwomba anitajie siku za juma kwa kurudi nyuma kuanzia Jumapili. Akasema Jumapili, Jumamosi, akanyamaza, akaanza kuhesabu ndoo. Mtu mwenye ugonjwa wa kusahau wa miaka, ule unaokuja taratibu, mara nyingi anaweza kukaa na swali hata kama atakosea jibu. Huyu hakuweza kulishika swali lenyewe. Umakini ulikuwa unamponyoka kama samaki mbichi. Ukiongeza kupanda na kushuka kwa saa, asubuhi mzima na jioni amepotea, picha ni ya ubongo unaosumbuliwa na kitu kilicho nje yake: dawa, maambukizi, chumvi za damu, mkojo uliozuiwa, choo kilichofunga. Hali hiyo hutibika mradi chanzo kipatikane.

Tulimpeleka hospitali kubwa mjini mchana uleule. Jioni nikapigiwa simu: sodiamu 118. Inapaswa kuwa kati ya 135 na 145.

Hapa ndipo biolojia ya uzee inapoingia, na inaingia kwa mlango ambao watu wengi hawautazami, yaani figo. Kwenye majibu yake kulikuwa na mstari mwingine, kreatinini 88, na kando yake mtu ameandika "figo kawaida". Kwa macho ni kweli, 88 ni namba ya kawaida. Lakini kreatinini ni taka inayotoka kwenye misuli. Mwenye misuli michache anatoa taka chache, kwa hiyo figo dhaifu inaweza kuziondoa zote na damu ikaonekana safi. Ipo kanuni ya zamani, ya kalamu na karatasi: chukua 140, toa umri, zidisha kwa uzito, kwa mwanamke zidisha tena kwa 1.04, gawa kwa kreatinini. Bibi ana kilo 46. Sitini na tano mara 46, mara 1.04, gawa kwa 88: unapata 35, yaani mililita 35 za damu zinazochujwa kwa dakika. Mjukuu wake wa kike wa miaka 25 mwenye kilo 60, akiwa na kreatinini hiyohiyo 88, anapata 81 na ushee. Karatasi moja ya maabara, namba moja, figo mbili tofauti kabisa.

Hakuna aliyeiumiza figo ya bibi. Kuanzia miaka ya arobaini uchujaji hushuka kwa wastani wa karibu mililita moja kila mwaka, vichujio vidogo vinakauka kimojakimoja, na figo yenyewe inapungua uzito. Mtu hahisi lolote. Hahisi kwa sababu tulizaliwa na figo kubwa kuliko mahitaji ya siku, ndiyo maana mtu anaweza kutoa moja na akaishi.

Huo ndio msingi wa kisa chote, na bibi mwenyewe alinielewa haraka baadaye nilipomweleza kwa lugha ya biashara yake. Mchuuzi mwenye mtaji wa milioni mbili na mwenye laki mbili, siku ya kawaida huwezi kuwatofautisha. Wote wananunua ndoo alfajiri, wanaanika, wanauza. Ije mvua ya siku tatu dagaa waoze mchangani. Mmoja atakopa kidogo aendelee, mwingine amekwisha. Uzee wa kawaida haupunguzi sana kazi ya kila siku ya moyo, figo, mapafu au ubongo. Unakula mtaji. Na sisi, mimi na mwenye duka la dawa na mjukuu mwenye mapenzi, tukamnyeshea bibi mvua ya wiki saba.

Figo ikitaka kutoa maji ya ziada, lazima itenganishe maji na chumvi, na hiyo kazi figo ya mzee inaifanya kwa uvivu. Kidonge changu kinaziba palepale kazi hiyo inapofanyika. Diklofenaki inaondoa breki ya homoni inayouambia mwili utunze maji. Tena maji hayatoki peke yake, yanahitaji mizigo ya kusafiri nayo, chumvi na mabaki ya protini. Mtu anayeishi kwa uji na chai hana mizigo hiyo. Halafu lita 3 kila siku juu yake. Maji yakabaki ndani, sodiamu ikazimuliwa, seli za ubongo zikavimba kidogo ndani ya fuvu lisilotanuka. Kichwa, kichefuchefu, kupepesuka, kisha kuchanganyikiwa. Vidonge vya njano vikamalizia, kwa sababu vinabana kemikali ileile ambayo ubongo wa mzee tayari unayo kwa kubana matumizi. Kwa kijana vinaleta usingizi tu.

Wanawake wembamba wenye umri mkubwa ndio hasa wanaoangushwa na kidonge kile. Hilo nilifundishwa chuoni. Nililisahau kwa sababu nilikuwa nimeshaandika neno "uzee", na ukishaliandika akili inafunga duka.

Hospitali walifanya lililo sahihi, yaani hawakuwa na haraka. Dawa zote tatu zikasimamishwa, maji yakapimwa, akawekewa maji ya chumvi polepole. Sodiamu ya chini ikipandishwa mbio, zaidi ya 8 au 10 kwa saa 24, sehemu ya kati ya shina la ubongo inaweza kuharibika na mgonjwa akatoka na ulemavu mbaya kuliko aliokuja nao. Ilikwenda 118, kesho yake 124, keshokutwa 129, siku ya nne 134. Siku ya tatu jioni alimuuliza muuguzi bei ya dagaa mjini. Binti akanipigia simu akilia.

Wiki tatu baadaye nilimtembelea nyumbani, na ziara hiyo ndiyo ninayoiona kuwa nusu ya pili ya uchambuzi. Ugonjwa umeondoka, dawa zimeondoka. Kilichobaki kimekaa kwenye kigoda mbele yangu ndicho uzee wenyewe.

Macho kwanza, maana ndiyo yaliyoleta maneno. Kuzunguka mboni kuna duara la kijivu karibu na jeupe ambalo wajukuu huliogopa. Ni mafuta yaliyojikusanya pembezoni mwa kioo cha jicho. Kwa mtu wa miaka 35 ningempima mafuta ya damu, kwa wa miaka 75 halina neno. Wekundu ni moshi, nilikaa jikoni kwake dakika kumi nikatoka na mimi ni mchawi. Jicho la kushoto lina mtoto wa jicho. Hapa ndipo mpaka unakuwa mgumu: mtoto wa jicho huja na umri, ila anatolewa kwa upasuaji mfupi, na mtu hana sababu ya kuishi gizani eti kwa kuwa ni mzee. Hata bila hicho, mboni ya mzee hufunguka kidogo na lenzi imekuwa ya manjano; kwenye miaka 60 nuru inayofika nyuma ya jicho ni kama theluthi tu ya ile ya kijana wa 20. Njia ya choo ambayo mjukuu anaiona kwa mbalamwezi, kwa bibi ni shimo.

Kisha masikio, na hapa nilijifunza kitu. Binti alilalamika kwamba mama anajifanya hasikii, hasa kwenye pesa. Mnunuzi anasema ndoo atachukua kwa elfu sita, bibi anaitikia kwa kichwa, wakati wa kulipa anadai elfu tisa. Ugomvi. Nikamwomba mjukuu asimame nyuma yake, anong'one namba. Nne alisikia, kumi alisikia. Sita na tisa zikawa kitu kimoja. Sikio la uzee hupoteza kwanza sauti nyembamba za juu, na huko ndiko ziliko S, T, F na SH. Irabu ni nzito, zinabaki. Sasa sikiliza: sita ni i-a, tisa ni i-a. Ukiondoa konsonanti hakuna tofauti. Tena ukimpigia kelele unakuza irabu, zile anazozisikia tayari, ndiyo maana wazee hukwambia "usinifokee" na sekunde hiyohiyo "sijasikia". Tangu siku ile mnunuzi anaonyesha vidole. Bibi amegundua kwamba vidole havibishaniwi, na bei yake imepanda.

Gauni lake la kitenge lililokuwa linaishia kifundoni sasa linafagia vumbi. Visahani vilivyo baina ya pingili za mgongo vimepungua unene, na mifupa yenyewe ilianza kupoteza madini kwa kasi alipokoma hedhi, miaka 25 iliyopita. Ngozi ya mkono imekuwa nyembamba kama karatasi ya sigara, ukimshika kwa nguvu inaacha doa la damu ambalo jirani anaweza kulisoma kama kipigo. Mchubuko wa goti ulikuwa haujafunga bado, wiki ya tatu. Kidonda hufungwa na seli zinazogawanyika, na seli zina ukomo. Mwaka uleule wa Uhuru, bibi akiwa wa kubeba ndoo, Leonard Hayflick na Paul Moorhead huko Philadelphia walichapisha kwamba seli za binadamu kwenye chupa hugawanyika kama mara 50 hivi kisha hugoma. Zikigoma hazifi zote. Nyingine hukaa zinatoa kemikali za uvimbe zinazosumbua jirani zake. Ni sehemu tu ya maelezo, maana mwili si chupa, lakini goti la bibi lilinikumbusha.

Kuamka usiku kukojoa hakukuisha hata baada ya kidonge kuondoka. Figo za wazee huhamishia sehemu ya kazi usiku, na kibofu kinahimili kidogo. Kuamka saa kumi alfajiri nako ni umri, saa ya mwili imesogea mbele na usingizi umekuwa mwepesi. Yeye anauita baraka, kwa sababu saa hiyo ndiyo mitumbwi inapokaribia na taa zake. Sikumpa dawa ya usingizi na sitampa. Tulichofanya ni kuweka ndoo yenye mfuniko ndani ya nyumba na taa ndogo ya sola ukutani. Kwa kuanguka kwa mzee, taa ile ina thamani kuliko nusu ya kabati langu la dawa.

Presha ya 168 juu na 82 chini pia ni hadithi ya umri. Nyuzi za kunyumbuka kwenye kuta za mishipa mikubwa tulizipata utotoni na hazibadilishwi kwa kiwango cha maana. Moyo unapiga kama mara 100,000 kwa siku. Kwa miaka 75 ni zaidi ya mara bilioni 2. Mpira wowote ukivutwa hivyo unakauka. Mshipa mkavu hautanuki damu inapokuja, kwa hiyo namba ya juu inapanda, ya chini inabaki au inashuka. Na vihisi vya shingoni vinavyopaswa kukaza mishipa mtu anaposimama vimekuwa vizito, ndiyo lile giza. Lakini kwamba mishipa imekauka kwa umri si ruhusa ya kuiacha presha. Kiharusi hakijali sababu. Nilimwanzishia amlodipini, nusu kidonge cha miligramu 5, na sasa namba ninayoiamini ni ya kusimama.

Kilichonipa kazi zaidi ni misuli. Nilimkalisha kwenye kiti cha mbao, mikono imekunjwa kifuani, asimame na kukaa mara tano. Sekunde 22. Zaidi ya 15 ni dalili ya miguu dhaifu. Nyuzi za misuli zinazopotea kwanza uzeeni ni zile za haraka, za kujizuia unapojikwaa, ndiyo maana mzee anaweza kutembea hadi sokoni na bado akaangushwa na kizingiti. Binti akasema, basi mama apumzike, asibebe tena ndoo. Nikamwambia hapana. Mwaka 1990 watafiti wa Boston walichukua wazee wenye umri wa karibu 90, wakawafanyisha mazoezi ya kunyanyua uzito kwa miguu wiki nane. Nguvu zao zikaongezeka zaidi ya mara mbili. Msuli wa mzee ni mvivu kujibu, ila unajibu. Bibi akapewa mazoezi: kiti kilekile, mara kumi asubuhi na mara kumi jioni. Na dagaa wake warudi kwenye sahani, wenye chumvi ya kawaida ya binadamu, kwa sababu msuli haujengwi kwa uji. Alifurahia hilo la dagaa kuliko yote niliyosema.

Akili yake? Jina la mjukuu wa saba lilichelewa kuja, akapitia majina ya shangazi wawili kabla ya kulipata. Siku za juma kurudi nyuma alizimaliza kwa kucheka, akaongeza na miezi. Kuchelewa kwa jina ni umri. Jina kuja ni afya.

Habari mtaani zilimalizwa na binti bila msaada wangu. Aliwaambia watu kisimani kwamba mama alizidiwa na maji mpaka chumvi ikapungua kwenye damu. Kila mpishi aliyekuwepo akaelewa mara moja. Siku ya tatu jirani yule aliyeona mambo usiku alikuja na kuku.

Ziara ya pili, wiki ya tisa, sekunde zilikuwa 16. Nilipokuwa nafunga begi nikakumbuka kuuliza vile vidonge vyangu vya kukojoa vilivyobaki viko wapi, vilikuwa kama thelathini na kitu. Binti akasema hawakutaka kuvitupa, dawa ni pesa. Wamempa jirani, yule wa kuku. Naye ana presha, tena ni mtu mzima, miaka 71, na wiki hii amekuwa analalamika kichwa.

Nikaomba nionyeshwe nyumba. Bibi akatangulia.